Mswada uliotelekezwa uandikwe upya, usipigwe plasta

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na waandishi wa riwaya wenye mswada uliolala miaka mingi na ambao sasa wanataka kuurudia. Wengi hupewa ushauri wa aina mbili. Kuna wanaoambiwa wautupe, waanze kitu kingine kabisa. Na kuna wanaoambiwa kazi imeshafika nusu, kilichobaki ni kunyoosha lugha, kuongeza sura za mwisho na kuupeleka kwa mchapishaji. Huu wa pili ndio unaoharibu miswada mingi zaidi, kwa sababu unasikika kama wa busara. Mtu hatelekezi riwaya kwa sababu ya lugha. Huitelekeza kwa sababu hadithi imefika mahali ikakosa pa kupita, na sentensi zikinyooshwa namna gani haziwezi kufungua njia hiyo.

Ninachokitetea ni hiki: mswada wa zamani usomwe wote, uchambuliwe, kisha uwekwe pembeni na riwaya iandikwe tena kuanzia ukurasa mtupu.

Lakini kwanza nakala. Mswada ukiwa kwenye karatasi, toa pini na vibanio kabla ya jambo lolote, maana chuma kikishika kutu hula karatasi na doa lake hufunika maneno. Andika namba mpya za kurasa kwa penseli pembezoni, hata kama zina namba za taipu. Miswada iliyokaa sana haikosi kurasa mbili zenye namba 87 na pengo mahali pa 112. Kurasa zilizoshikana kwa unyevu zisivutwe. Ziachwe zikauke kivulini, kisha zitenganishwe taratibu kuanzia kona kwa kisu butu chembamba. Baada ya hapo kila ukurasa upigwe picha kwenye mwanga wa mchana usio wa jua kali, au uskaniwe.

Ukiwa kwenye kompyuta, usilifungue faili la asili ukaanza kuandika humo humo. Linakili, nakala hiyo uipe jina lenye mwaka na neno "asili", halafu usiiguse tena. Programu mpya zikikataa faili la zamani, jaribu LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, ambayo hufungua aina nyingi za mafaili ambazo programu nyingine zimeshaziacha. Likifunguka, hifadhi pia nakala ya maandishi matupu yasiyo na mapambo yoyote, kwa sababu hiyo ndiyo inayosomeka kwenye mashine yoyote. Ziwe nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja isikae nyumba moja na nyingine. Mwaka 1957 Chinua Achebe alituma London nakala pekee ya mswada wa Things Fall Apart, ulioandikwa kwa mkono, ili upigwe taipu. Miezi ikapita bila jibu la maana, mpaka mtu wa kazini kwake aliyekuwa London alipokwenda kuufuatilia mwenyewe. Riwaya hiyo ilinusurika kwa mguu wa mtu mmoja.

Ukikuta matoleo matatu au manne ya mswada mmoja, tarehe ya faili isikudanganye, kwani kulifungua na kulihifadhi tu hubadilisha tarehe. Angalia ndani: jina la mhusika lililobadilishwa katikati ya kitabu, sura iliyohamishwa, mwisho ulioongezwa. Toleo la mwisho si lazima liwe bora. Mara nyingi ndilo lililoparuliwa zaidi mwanzoni na kuachwa vile vile baada ya hapo.

Sasa kusoma. Mswada wa maneno 60,000 ukipigwa chapa kwa nafasi pana, maneno 250 kwa ukurasa, ni kurasa 240. Kwa mwendo wa maneno 200 kwa dakika ni saa tano za kusoma. Zigawe vikao viwili, visipishane siku zaidi ya mbili, la sivyo utakuwa umesahau mwanzo ukifika mwisho. Badilisha aina ya herufi kabla ya kuchapa ili macho yasiyatambue maandishi yako na kuyaruka. Shika penseli, lakini kwa alama moja tu: mstari wa wima pembeni mahali ulipochoka au ulipopotea. Usiandike sababu. Usisahihishe hata kosa la herufi.

Sharti hilo ndilo linalovunjwa na karibu kila mtu, na madhara yake yanajulikana. Mwandishi akianza kusahihisha ukurasa wa kwanza, atafanya kurasa kumi nzuri sana za sura ya kwanza, kisha atachoka na kuutelekeza mara ya pili. Miswada mingi iliyotelekezwa ina umbo hilo tayari: sura tatu za mwanzo zimesuguliwa mpaka zinang'aa, zinazofuata ni nusu nusu, na baada ya hapo ni mifupa. Kila mara mwandishi aliporudi alianzia mlangoni.

Kusoma baada ya miaka kuna faida ambayo hakuna mhariri awezaye kuitoa: umesahau. Ulipokuwa unaandika ulijua nani ni nani katika kila sentensi, hivyo hukuona palipo na giza. Kiswahili chetu hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiambishi cha nafsi, na wahusika wawili wakikutana, "a-" na "-m-" huanza kugongana. Chukua sentensi kama hii: "Alipomwona alimwambia anamchukia tangu alipomdanganya." Nani amemwona nani? Nani alidanganya? Aliyeiandika wakati ule hakuwa na shaka hata kidogo. Leo anaisoma mara tatu. Tiba yake si kurundika majina kila baada ya maneno mawili. Iweke kauli mdomoni mwa mtu: Rehema alipomwona mjomba wake alimwambia, "Nakuchukia tangu uliponidanganya." Nafsi ya kwanza na ya pili zinamaliza utata wote, na hapo hapo sauti ya Rehema imesikika. Kila ulipojikuta unarudi nyuma kutafuta nani kasema, weka mstari wako wa penseli.

Ukimaliza, funga mswada kwa wiki moja. Kisha, bila kuufungua, andika kwenye karatasi kila unachokikumbuka: watu, matukio, mahali, kauli. Sijaona kipimo cha kweli zaidi ya hiki. Ukikumbuka watu wawili na jambo lililotokea kati yao, una riwaya. Ukikumbuka hali ya jumla tu, mji, mvua, huzuni, una mandhari yanayosubiri hadithi. Ukikumbuka sentensi nzuri peke yake, huna cha kuandika upya. Zitoe hizo sentensi, huenda zikafaa kwingine, mswada uendelee kulala kwa amani.

Kama watu wapo, tafuta kilichoua mswada. Mahali ulipoishia kuandika si mahali pa ugonjwa. Ugonjwa huwa sura kadhaa nyuma, na mwandishi alitembea nao mpaka akaanguka.

Mfano wa kawaida kabisa ni msimulizi asiyeweza kufika palipo na hadithi. Tuseme msimulizi ni kijana anayesema "mimi", na jambo kuu linatokea chumbani kati ya watu wazima wawili. Katika sura ya 9 kijana anajificha nyuma ya mlango. Katika sura ya 11 anaokota barua isiyomhusu. Katika sura ya 12 anamsikia mtu akiweweseka usingizini na kutaja siri yote. Sura ya 13 haimaliziki. Mwandishi anadhani amekosa msukumo, kumbe amechoka kubuni milango ya kuchungulia. Dawa iko katika uamuzi wa sura ya 1: ama asimulie mtu aliyekuwamo chumbani, ama atumike msimulizi wa nafsi ya tatu, ama kijana abaki na hadithi iwe juu ya kutojua kwake. Hakuna kati ya hizo inayoweza kufanywa kwa kuingiza maneno mapya katika sentensi za zamani.

Ugonjwa mwingine ni hadithi mbili ndani ya moja. Achebe huyo huyo alikusudia mwanzoni kitabu kimoja cha vizazi kadhaa vya familia. Alipoona kimekuwa chembamba kwa upana wake, alikigawa: cha kwanza kikatoka 1958 na hadithi ya mjukuu ikatoka 1960 kwa jina No Longer at Ease. Dalili yake ni rahisi kuiona. Kuna mhusika anayepotea kurasa 60, akirudi lazima umtambulishe upya. Magonjwa mengine ni siri iliyofichuliwa mapema mno, na mhusika mkuu ambaye mambo humtokea tu, yeye hataki kitu. Mhusika wa aina hii ya mwisho yumo mno katika miswada ya ujana, na hatibiwi kwa kumwongezea mawazo. Anatibiwa kwa kumpa jambo analolitaka kwa nguvu kabla ya ukurasa wa 20, na mtu wa kumzuia.

Kuliona hilo kwa macho, tengeneza jedwali. Kila onyesho mstari mmoja: namba, siku, mahali, nani anataka nini, na kimebadilika nini onyesho linapokwisha. Onyesho la wastani likiwa maneno 1,500, mswada wa 60,000 una maonyesho 40 hivi, na jedwali lote linaingia kurasa tatu au nne. Soma safu ya mwisho peke yake kutoka juu hadi chini. Palipo na nafasi tupu tatu mfululizo, hapo ndipo penseli yako ilipochora mistari, na mara nyingi hapo ndipo kifo kilipoanza. Safu ya siku nayo ina kazi yake. Itakuonyesha mimba ya miezi kumi na mmoja, Jumatatu mbili katika wiki moja, na mtoto aliyeanza shule kabla ya kuzaliwa.

Andika pia orodha ya majina. Salma, Salima, Saumu na Saida katika familia moja hayamsumbui aliyewazaa, lakini msomaji huona herufi ya kwanza na urefu wa neno kisha anakisia. Na kama kuna mtu wa kweli aliyeingizwa na jina lake au kilema chake au kazi yake ili kulipiza kisasi cha wakati ule, mtoe sasa.

Mswada wa zamani pia una saa yake. Fitina inayotegemea kwamba mtu hakupata habari kwa siku nne huanguka mara tu unapomtia simu mfukoni. Waandishi wengi wakirudi hunyunyiza simu za mkononi na intaneti humo ndani ili kitabu kisionekane kimezeeka, kisha hutumia sura nzima kueleza kwa nini betri iliisha. Afadhali uamue mwaka wa hadithi, uuandike juu ya jedwali lako, na ubaki humo. Hadithi ya wakati wa barua ina haki yake ya kuwa ya wakati wa barua.

Mfano unaojulikana zaidi wa kurudia mswada, na unaoeleweka vibaya zaidi, ni wa Harper Lee wa Marekani. Mwaka 1957 alipeleka mswada ulioitwa Go Set a Watchman. Mhariri wake, Tay Hohoff, aliona uhai hasa katika kumbukumbu za utotoni zilizotawanyika humo, na mwandishi akaandika tena hadithi kutoka upande wa mtoto. Ndicho kitabu cha To Kill a Mockingbird kilichotoka 1960. Mswada wa mwanzo ukachapishwa Julai 2015, na wasomaji wengi wakaupokea kama mwendelezo. Wakashangaa kumkuta Atticus, wakili na baba wa yule mtoto, ana chuki za rangi, na kwamba katika kesi ile ile aliyoitetea mshtakiwa aliachiwa huru, ilhali katika kitabu wanachokijua alitiwa hatiani. Ukiuona kama rasimu, hakuna cha kushangaza. Mwandishi alibeba watu, mji na kesi moja, vingine vyote akavijenga tena, hata hukumu ya mahakama akaigeuza. Hivyo ndivyo kurudia mswada kunavyopaswa kwenda.

Kwa hiyo ukurasa mtupu. Faili jipya, na mswada wa zamani uwe umefungwa unapoandika. Ukihitaji kitu, lifungue jedwali. Ukihitaji onyesho lenyewe, lisome mara moja, ulifunge, uliandike. Usinakili na kubandika hata aya moja katika rasimu hii. Aya iliyobandikwa huja na mapigo ya sentensi za wakati ule, na mwandishi wa leo huanza kuyafuata bila kujua ili mshono usionekane. Baada ya sura mbili unakuwa umerudi katika sauti iliyokushinda. Aya unayoipenda kweli, iandike tena kwa vidole vyako neno kwa neno. Utashangaa mkono unavyokataa baadhi ya maneno.

Hivi ndivyo inavyokuwa. Rasimu ya zamani inasema: "Zubeda alikuwa na huzuni kubwa isiyo na kifani moyoni mwake alipokuwa akiisoma barua ile ambayo ilikuwa imetoka kwa baba yake." Mkono wa leo huandika: "Zubeda aliisoma barua ya baba yake mpaka mwisho, akaikunja pale pale ilipokuwa imekunjwa, akairudisha ndani ya bahasha." Huzuni haikutajwa. "Ambayo ilikuwa imetoka kwa" imekufa yenyewe. Na mnyororo wa "-ka-" umeubeba mwendo, kazi ambayo rasimu za ujana huipa "ghafla" na "hatimaye". Tafuta "ghafla" katika faili la zamani kwa kitufe cha kutafuta. Ikitokea mara arobaini, una matukio arobaini ambayo hayakuandaliwa.

Usianze na sura ya kwanza. Anza na onyesho ulilolikumbuka kwa nguvu zaidi kwenye ile karatasi ya baada ya wiki, au pale pale ulipokwama. Sura ya kwanza iandikwe mwisho, maana huwezi kufungua mlango wa nyumba ambayo hujaijua vyumba vyake. Maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni 2,500. Rasimu ya 60,000 inakamilika katika wiki 24. Anayejipangia 2,000 kwa siku kwenye mswada uliokwisha kumshinda mara moja huwa anajiandalia kushindwa tena, kwa sababu siku ya kwanza akikosa anadaiwa 4,000.

Jambo moja linahitaji uangalifu kuliko hayo yote. Aliyeandika mswada ule alikuwa mdogo, na alijua vitu ambavyo mwandishi wa leo amevisahau: hasira ilivyo inapowaka, aibu ya siku hiyo hiyo, mapenzi yasiyo na mpango. Mtu mzima akirudi huwa anataka kueleza. Anaongeza aya ya hekima baada ya kila ugomvi, anamsamehe baba kabla mtoto hajamsamehe. Kabla ya kuanza, chagua maonyesho matatu au manne ambayo joto lake ni la kweli, na katika hayo rekebisha utata wa nani kasema tu. Mengine yote yaliyomo humo uyaache yalivyo hata kama yanakutia haya. Maonyesho hayo ndiyo pekee yanayopita karibu mazima kutoka rasimu moja kwenda nyingine, na hata hayo yapite kwa kuandikwa tena.

Kwa wachapishaji na wasomaji wa miswada katika mashindano nina ombi. Mswada ulioshonwa viraka unajulikana: sentensi fupi za sura ya 4 zinakutana na ndefu za sura ya 5, mhusika anabadilika umri kwa miaka miwili, bei na vifaa vya nyakati mbili vinakaa meza moja, na usimulizi wa "-li-" na "-ka-" unageuka kuwa "-na-" katikati ya ukurasa. Mnapoukuta, msimrudishie mwandishi barua ya mistari miwili isemayo "lugha irekebishwe". Atarudi kupiga plasta. Mwambieni ni onyesho gani lililo hai na mumwombe aandike kitabu kuanzia hapo, kama alivyofanyiwa Harper Lee.

Na mswada wa asili usichomwe. Mwaka 1930 Mikhail Bulgakov, mwandishi wa Kirusi, alichoma rasimu ya riwaya ambayo leo inaitwa The Master and Margarita, kisha akaiandika tena mpaka alipofariki 1940, nayo ikaanza kuchapishwa jaridani 1966. Yeye aliweza, kwa miaka kumi ya maisha yake. Rasimu mpya ikikamilika, ndipo ile ya zamani ifunguliwe tena kwa mara ya mwisho, na zote mbili zisomwe sambamba, sura kwa sura, kutafuta kitu kizuri kilichosahauliwa njiani. Huwa kipo kimoja au viwili: jina la utani, swali la mtoto, namna mtu anavyovua viatu. Viingizwe, kisha mswada wa zamani utiwe kwenye bahasha, ifungwe na iandikwe nje tarehe ilipoanzwa na tarehe ilipofungwa.

Wako,
Mhariri wa miswada ya riwaya